Kwa nini vitu huzunguka kabla ya kutumbukia kwenye shimo jeusi?

Mwalimu wa sayansi wa shule ya msingi mjini Moshi ameniandikia. Aliwaonyesha wanafunzi wake wa darasa la saba picha ya shimo jeusi, ile yenye pete ya rangi ya chungwa na giza katikati, wakambana kwa maswali. Nayafupisha: kama shimo jeusi linavuta kwa nguvu kiasi hicho, kwa nini vitu vinazunguka badala ya kudondoka moja kwa moja? Vikishaingia, vinaendelea kuzunguka? Na kwa nini upande mmoja wa pete unang'aa kuliko mwingine? Yeye aliwajibu kwa mfano wa maji yanayoingia kwenye tundu la sinki, ila amebaki na wasiwasi kwamba huenda amewapotosha.

Mwalimu, salamu kutoka Arusha. Hukuwapotosha, na wanafunzi wako wameuliza swali ambalo wanafizikia walilihangaikia kwa miongo. Vitu huzunguka kwa sababu vilikuja vikizunguka, na maumbile hayaruhusu mzunguko upotee hivi hivi. Gesi inayolikaribia shimo jeusi haina shida ya kuvutwa. Shida yake ni kupata wa kumwachia mzunguko wake. Isipompata haiingii, hata shimo liwe na masi ya Jua bilioni moja.

Nianze na sinki lako. Maji yale yalipomiminwa, au yalipoguswa na mkono, yalibaki na mwendo kidogo wa pembeni. Yanaposogelea tundu, mwendo huo mdogo unakuzwa hadi unaonekana kwa macho. Mpaka hapo mfano wako ni sahihi kabisa. Unapoishia ni hapa: maji yana kuta na sakafu ya sinki ya kujisugua nayo, kwa hiyo hupunguza mzunguko njiani bila taabu. Gesi ya angani haina ukuta wala sakafu. Ina yenyewe tu, na ndiyo maana safari yake ni ndefu.

Mwendo huo wa pembeni hutoka wapi? Chukua Cygnus X-1, shimo jeusi lenye masi ya takriban Jua 21, lililo umbali wa miaka ya nuru kama 7,200 kutoka kwetu. Linazungukana na nyota kubwa ya buluu kila baada ya siku 5.6, na chakula chake ni upepo wa gesi unaovuma kutoka kwenye nyota hiyo. Nyota yenyewe iko mbioni, kwa hiyo gesi inapoiacha tayari ina mwendo wa pembeni. Ili idondoke moja kwa moja, ingebidi iwe imelengwa kutoka umbali wa mamilioni ya kilomita kwenye shabaha yenye upana wa kilomita mia chache. Gesi kidogo sana ina bahati hiyo. Iliyobaki yote inakosa shabaha na kuanza kuzunguka.

Sasa fanya jaribio na wanafunzi, maana hapa maneno hayatoshi. Chukua ganda tupu la kalamu ya wino, lililotobolewa pande zote mbili. Pitisha ndani yake uzi wa nailoni, ufunge kifutio upande wa juu, na upande wa chini mwanafunzi aushike kwa mkono wa pili. Ainue ganda wima juu ya kichwa, azungushe kifutio kama nusu mita kutoka kwenye ganda, kisha auvute uzi kwa chini polepole. (Wengine wasimame mbali, fundo likifunguka, kifutio kinaruka kweli.) Kifutio kitaongeza kasi ingawa hakuna aliyekisukuma mbele. Halafu mwambie anayevuta aseme anasikia nini mkononi. Atakwambia uzi unazidi kukataa kuja, na kadiri kifutio kinavyosogea ndani ndivyo unavyozidi kukataa.

Huko kukataa kuna hesabu yake. Uzi ukifupishwa nusu, kasi ya kifutio inakuwa mara mbili, mizunguko kwa sekunde inakuwa mara nne, na kani inayohitajika kukishikilia kwenye duara lake inakuwa mara nane. Kinachobaki bila kubadilika ni kile tunachokiita momenta ya mzunguko: masi mara kasi ya pembeni mara umbali kutoka katikati. Sasa linganisha na uvutano. Kwa sheria ya Newton, ukisogea nusu ya umbali, uvutano unaongezeka mara nne tu. Mkono wa mwanafunzi unaweza kutoa mara nane, lakini uvutano unatoa nne. Kwa hiyo lazima kuwe na umbali fulani ambapo mzunguko unaulemea uvutano, na gesi inagoma kusogea zaidi. Ingekuwa sheria ya Newton peke yake, kitu chenye mzunguko hata kidogo kisingefika katikati milele. Kingepita karibu na kurudi kilikotoka, kama nyotamkia inavyofanya kwa Jua. Ni kwa sababu hiyo hiyo Dunia haijadondokea kwenye Jua kwa miaka bilioni nne na nusu. Tukilitoa Jua leo tuweke shimo jeusi lenye masi ile ile, tutaganda kwa baridi, lakini tutaendelea kuzunguka palepale tulipo. Waambie hilo wanafunzi, kwa sababu wengi wao watakuwa wanaamini shimo jeusi linafyonza kila kitu.

Basi gesi imegoma. Inaingiaje?

Mawingu ya gesi yanapogongana, mienendo ya kupanda na kushuka hufutana, na kinachobaki ni ule mwelekeo ambao wengi walikuwa nao. Gesi inajilaza na kuwa diski. Ndani ya diski, pete za karibu na shimo zinakimbia kuliko za mbali, kwa hiyo kila pete inasuguana na jirani yake. Mwaka 1973 wanafizikia Nikolai Shakura na Rashid Sunyaev waliandika hesabu za diski hiyo ambazo tunazitumia mpaka leo. Msuguano wenyewe waliuweka kama namba tu ya kujaza kwenye hesabu, maana chanzo chake hakikuwa kimeeleweka sawasawa. Msuguano wa kawaida wa gesi ni hafifu mno. Kwa huo, mashimo meusi yangekaa na njaa.

Jibu lilipatikana mwaka 1991. Steven Balbus na John Hawley, wakiwa Chuo Kikuu cha Virginia, walionyesha kwamba msuguano unatoka kwenye sumaku. Kwangu mimi hili ndilo jambo zuri kuliko yote katika somo hili, kwa hiyo nivumilie kidogo.

Gesi ya kwenye diski ina joto, atomi zake zimepoteza elektroni, na gesi ya namna hiyo hushikamana na uga wa sumaku. Fikiria vipande viwili vya gesi vilivyounganishwa na mstari mmoja wa sumaku, kimoja ndani kidogo, kingine nje kidogo. Cha ndani kinakwenda kasi, kinamtangulia mwenzake, mstari unavutika. Mstari uliovutika unataka kujirudi: unakivuta cha ndani nyuma na kukivuta cha nje mbele. Cha ndani, kwa kuvutwa nyuma, kinapoteza momenta. Kikipoteza momenta kinashuka karibu zaidi na shimo, na huko chini obiti zote, yaani njia za kuzungukia, ni za kasi zaidi. Yaani breki imekiongezea mwendo! Kile cha nje, kwa kuvutwa mbele, kimepokea momenta, kimepanda mbali zaidi, na huko juu kinakwenda taratibu. Sasa wametengana kuliko mwanzo, mstari umevutika zaidi, na mambo yanajirudia kwa nguvu zaidi. Hata uga dhaifu wa sumaku unatosha kuanzisha vurugu hii, na ndani ya mizunguko michache diski nzima inachafuka.

Kwa hiyo jibu la kwanza la wanafunzi wako ni hilo. Kila gramu ya gesi inayoingia ndani imemwachia jirani wa nje mzunguko wake, naye akasukumwa mbali zaidi. Nyingine hurushwa kabisa nje ya diski kama upepo, na baadhi ya mashimo hutoa jeti, yaani mikondo miwili myembamba inayorushwa nje kwa kasi, zinazobeba sehemu ya mzunguko huo hadi mbali sana.

Biashara hiyo ya kusuguana hutoa joto la mamilioni ya nyuzi kwenye diski za mashimo madogo, ndiyo maana tunaziona kwa eksirei. Na inatoa nishati nyingi kuliko unavyodhani. Jua letu likiunganisha haidrojeni kuwa heli, linageuza asilimia 0.7 tu ya masi kuwa nishati. Diski inayolizunguka shimo jeusi lisilozunguka lenyewe inageuza karibu asilimia 6. Shimo likiwa linazunguka kwa kiwango cha juu kabisa, hesabu inafika asilimia 42.

Tuendelee kushuka. Shimo lenye masi ya Jua 10 lina mpaka wa kutorudi, yaani upeo wa matukio, wenye nusu kipenyo cha kilomita 30 hivi. Kama shimo lenyewe halizunguki, obiti ya mwisho inayoweza kumshikilia mtu ni ya nusu kipenyo mara tatu ya hapo, kilomita 90. Barabara ya kutoka Arusha hadi Moshi ni kama kilomita 80, kwa hiyo chora duara ambalo nusu kipenyo chake ni barabara hiyo na ziada kidogo. Gesi inalimaliza duara hilo zima mara 220 kwa sekunde, kwa anayehesabu akiwa mbali. Anayesimama palepale na kuipima inavyompita ataikuta ina nusu ya kasi ya nuru, kilomita 150,000 kwa sekunde. Saa yake inakwenda polepole kuliko ya mtu wa mbali, ndiyo maana hesabu za mizunguko na kasi za watu hawa wawili hazilingani mpaka uzirekebishe.

Kwa nini obiti ya mwisho iwepo, wakati kwa Newton mzunguko hushinda siku zote? Kwa sababu katika nadharia ya Einstein ya mwaka 1915 mwendo wa kuzunguka nao unaongeza mvuto. Kwenye Jua nyongeza hiyo ni ndogo sana. Ndiyo inayoisogeza obiti ya Utaridi kidogo kidogo kila karne, na Einstein aliifurahia mno alipoiona imetoka sawasawa kwenye hesabu zake. Karibu na shimo jeusi nyongeza hiyo inakua haraka kuliko ule ukaidi wa mara nane wa kwenye uzi. Ndani ya kilomita zile 90, kuzunguka hakumwokoi mtu tena. Gesi haihitaji tena kumwachia jirani chochote. Inazama pamoja na mzunguko wote uliobaki, ikijipinda kuelekea ndani kwa sehemu ndogo sana ya sekunde.

Eneo hilo la kuzama lilitabiriwa na hesabu za Einstein muda mrefu kabla ya kupimwa. Mwaka 2024 Andrew Mummery wa Oxford na wenzake walichapisha uchambuzi wa eksirei kutoka shimo jeusi linaloitwa MAXI J1820+070, lililo umbali wa miaka ya nuru kama 10,000, wakaonyesha kwamba mwanga unaoonekana hauelezeki bila kuhesabu gesi iliyokwisha kuvuka obiti ya mwisho na kuanza kutumbukia.

Hadi hapa nimesema juu ya shimo lisilozunguka. Mashimo halisi huzunguka, na hapo mambo yanabadilika. Hesabu za shimo linalozunguka alizipata Roy Kerr wa New Zealand mwaka 1963. Kitu chochote kizito kinachozunguka huburuta nafasi inayokizunguka. Josef Lense na Hans Thirring walilionyesha hilo kwa hesabu mwaka 1918. Hata Dunia hufanya hivyo, ingawa kwa kiasi kidogo sana: setilaiti ya Gravity Probe B, iliyorushwa mwaka 2004, ililipima, na matokeo yakatangazwa mwaka 2011.

Kwenye shimo jeusi uburutaji huo si kidogo. Nje kidogo ya upeo wa matukio kuna eneo ambamo hakuna kitu kinachoweza kusimama tuli, hata ukifunga roketi yenye nguvu isiyo na kikomo. Unaweza kupanda, unaweza kushuka, unaweza hata kutoka, lakini lazima uzunguke upande ule linaozungukia shimo. Tuseme sasa kuna gesi iliyokuja ikizunguka kinyume. Obiti yake ya mwisho iko mbali zaidi: shimo likizunguka kwa kiwango cha juu kabisa, inafika mara moja na nusu ya ile niliyoitaja, kilomita 135 badala ya 90. Ikivuka hapo inaanza kuzama ikiwa bado inaelekea kinyume. Inapunguza mwendo wa pembeni. Inafika mahali, kwa mtu wa mbali, inaonekana imeacha kuzunguka kabisa. Kisha inageuka. Inavuka upeo ikizunguka upande wa shimo, kama gesi nyingine zote. Na kitu kilichodondoka kimenyooka, bila mzunguko hata chembe, nacho kinapelekwa mzungumzungu njiani.

Kwa hiyo swali la "moja kwa moja" lina jibu mara mbili. Mbali, hakuna anayedondoka moja kwa moja kwa sababu ya mzunguko aliokuja nao. Karibu, kama shimo linazunguka, hakuna anayedondoka moja kwa moja hata akija bila mzunguko.

Je, vikishaingia? Kwanza, sisi wa mbali hatuvioni vikiingia. Mwanga wao unazidi kuwa mwekundu na kufifia, na taswira yao ya mwisho inaonekana kubebwa kuzunguka pamoja na upeo wenyewe. Kwa shimo la Jua 10 linalozunguka karibu na kikomo, huo ni mzunguko wa mara 1,600 hivi kwa sekunde. Anayeanguka yeye hasikii mpaka wowote. Anauvuka, anaendelea na mwendo wake wa pembeni, lakini muda wake ni mfupi. Kwenye shimo lisilozunguka lenye masi ya Jua 10, kutoka upeo hadi katikati hakuna namna ya kuchukua zaidi ya sehemu mbili za elfu kumi za sekunde. Kwenye shimo lililo katikati ya galaksi yetu, ni kama dakika moja na kidogo. Katikati penyewe hesabu za Kerr zinaonyesha pete badala ya nukta, ila wataalamu wengi hawaichukui sehemu hiyo ya hesabu kama picha ya shimo halisi, na mimi nisingeifundisha darasa la saba.

Kinachojulikana vizuri ni hesabu ya nje. Mzunguko uliomezwa haukupotea, shimo limeurithi. Likimeza gesi inayozunguka upande wake linazidi kuzunguka haraka, likimeza ya kinyume linapunguza. Mwanafizikia Kip Thorne alionyesha mwaka 1974 kwamba shimo linalolishwa na diski halivuki asilimia 99.8 ya kikomo, kwa sababu linameza pia mwanga wa diski, na mwanga unaokuja kinyume unalipunguza mwendo. Nyota, gesi, vumbi, chochote kilichoingia, shimo linahifadhi masi yake, mzunguko wake na chaji yake ya umeme. Mengine yote hayasomeki tena kutoka nje.

Limebaki swali la upande unaong'aa. Picha uliyowaonyesha nadhani ni ile iliyotangazwa tarehe 10 Aprili 2019, ya shimo la galaksi ya M87, lenye masi ya Jua bilioni 6.5, umbali wa miaka ya nuru milioni 55. Rangi ya chungwa iliwekwa na binadamu. Kilichopokelewa ni mawimbi ya redio ya milimita 1.3. Lakini kile kipande cha chini kinachong'aa ni cha kweli, na kinatokana na mzunguko. Gesi inayokimbia kuelekea kwetu kwa kasi inayokaribia ya nuru huuelekeza mwanga wake mbele, na mwanga huo unatufikia ukiwa umeongezeka nguvu. Gesi ya upande wa pili inatukimbia, na mwanga wake unapungua. Mwanafunzi aliyeuliza swali hilo aliuona mzunguko wa shimo jeusi kwenye picha isiyotembea. Mpe hongera zangu.

La kwetu, Sagittarius A*, lina masi ya Jua milioni 4.3 na picha yake ilitoka tarehe 12 Mei 2022, ingawa data za mashimo yote mawili zilikusanywa mwaka mmoja, 2017. Lilichelewa kwa sababu ya mzunguko huo huo. Gesi ya M87 huchukua siku hadi wiki kuzunguka, kwa hiyo inatulia mbele ya darubini usiku mzima. Gesi ya Sagittarius A* humaliza mzunguko kwa dakika chache hadi nusu saa, na sura inabadilika kabla picha haijakamilika. Liko upande wa kundinyota la Mshale. Mwezi Agosti, saa mbili usiku hivi, mawingu yakikubali, toka nje na wanafunzi, muupe mgongo Mlima Kilimanjaro na muangalie juu kusini, pale Njia Nyeupe inapokuwa nene. Shimo lenyewe halionekani kwa macho, ila huo ndio upande wa kuwaonyesha.